Mtoto Asome Wapi? Historia Fupi ya Watu wa Vunjo Kuchagua Shule kwa Mbali



Katika mikutano ya chama chetu, iwe ya Dar es Salaam, ya Arusha, au ile ya wenzetu wa ng'ambo inayofanyika kwa simu usiku wa manane, ajenda ya barabara huisha, ya maji huisha, na ya zahanati nayo huisha. Isiyoisha ni ajenda ya shule. Hata baada ya mwenyekiti kufunga kikao, watu hubaki mlangoni wakiulizana: "Wako unampeleka wapi? Ile ya masista bado ina nafasi? Hivi nikimrudisha huyu wa kwangu nyumbani, atashika masomo kweli?"

Mwaka huu Kamati imeona vema kijitabu chetu kibebe historia ya jambo hilo. Tumejiuliza watu wa kwetu wamekuwa wakimchagulia mtoto shule kwa njia gani tangu shule ya kwanza ipande mlima, na hasa walifanyaje pale mzazi alipokuwa mbali. Hatuandiki kwa ajili ya kukumbuka tu. Desemba hii wanachama tutapiga kura juu ya matumizi ya mfuko wetu wa elimu, na ni vizuri tupige kura tukijua tumetoka wapi.

Shule inapanda mlima

Shule ya kizungu ilifika kwetu pamoja na misheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 mapadre wa Roho Mtakatifu walipokelewa na Mangi Fumba wa Kilema, na hapo ukaanzishwa ukatoliki wa mlimani. Mwaka 1893 Walutheri wa Leipzig walianza kazi Machame, na mwaka uliofuata wakafika Mamba. Ndiyo maana hadi leo ukimuuliza mtu wa Vunjo amesoma wapi, jibu lake hukuonyesha pia familia yao ilibatizwa upande gani.

Wakati huo mzazi hakuwa na la kuchagua. Alikuwa na shule moja tu iliyokuwa upande wake wa korongo, na swali lililokuwapo lilikuwa kama mtoto aende au asiende. Mtoto wa kiume alikuwa na mbuzi wa kuchunga, na wa kike alikuwa na majani ya ng'ombe ya kukata huko nyikani na kubeba hadi kihambani. Kumtoa mtoto kwenda kukaa chini ya kibao cha mwalimu ilikuwa ni kutoa nguvu kazi ya nyumba.

Lakini swali moja la leo lilikuwapo tangu siku hizo, nalo ni la lugha. Walutheri wa Leipzig waliamini mtoto afundishwe kwanza kwa Kichagga, lugha ya mama yake. Serikali ya Wajerumani, iliyokuwa imefungua shule yake Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilitaka makarani wanaojua Kiswahili. Waingereza walipokuja, Kiingereza ndicho kikawa ngazi ya kupandia ofisini. Mzazi wa leo anayehangaika kati ya shule ya Kiswahili na ya Kiingereza asidhani swali hilo limezuka na mabasi ya njano. Babu zake walilijadili kihambani.

Kahawa yalipa ada

Kilichobadilisha mambo ni kahawa. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao cha KNPA, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, ushirika ambao kila mmoja wetu amekua akiona jengo lake pale Moshi mjini. Kahawa iliweka fedha mkononi mwa mtu mwenye kihamba kidogo. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda katika elimu kupitia ushirika, mabaraza ya mangi na sadaka za kanisani. Shule zikaongezeka mtaa kwa mtaa. Mitaa iligombea heshima ya kuwa na shule yake, maana mtaa usio na shule ulionekana umelala.

Hapo ndipo mzazi alipoanza kuchagua kweli. Mtoto akimaliza darasa la nne, atafutiwe nafasi wapi? Ualimu Marangu? Sekondari Old Moshi? Aliyebahatika alikwenda mbali hadi Tabora, shule ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1925, na wachache zaidi wakavuka hadi Makerere, Uganda. Mangi Mkuu Thomas Marealle, kijana wa Marangu aliyeshika uongozi wa Wachagga mwaka 1952, alikuwa mwenyewe amesoma Uingereza, na wazazi wengi waliona kwa macho yao elimu inaweza kumfikisha mtu wapi.

Kuna jambo la kuzingatia hapa. Mzazi wa wakati huo hakuwa na kijitabu cha shule wala picha za madarasa. Alikuwa na majina ya watu. Alijua mwalimu mkuu ni nani, anatoka ukoo gani, anakunywa au hanywi, na watoto waliopita mikononi mwake wamekuwa watu wa namna gani. Alichagua mwalimu, na jengo likafuata.

Waliotangulia kuwa mbali

Tusijidanganye kwamba kizazi chetu ndicho cha kwanza kulea kwa mbali. Karani wa reli Tanga, mwalimu aliyepangiwa kazi Lindi, muuguzi wa Dar es Salaam, fundi aliyevuka Taveta kwenda kutafuta kazi Mombasa na Nairobi, wote hao walikuwa na watoto. Nyumba ya kupanga ilikuwa chumba kimoja, na mshahara ulikuwa mdogo. Wengi wao waliwaacha watoto kihambani kwa bibi, wakasoma shule ya misheni iliyokuwa karibu, na baba akawa mtu wa barua na wa Krismasi.

Tukiitazama leo, mipango hiyo ilikuwa na mwanya mwingi. Barua ilichukua wiki. Baba hakujua mtoto amekuwa wa ngapi hadi aliporudi Desemba. Lakini pengo hilo lilikuwa na mtu wa kulizibia, naye ni bibi. Mjukuu asiporudi shuleni kwa wakati, bibi alijua kabla ya giza. Akipigwa kupita kiasi, bibi alipanda hadi shuleni na fimbo yake ya kutembelea, na mwalimu alijieleza. Shule ilikuwa ya misheni, lakini mwangalizi wake alikuwa bibi.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wazee wetu waliokuwa mbali walilijua hilo, na kwa hiyo waliacha fimbo karibu.

Shule zinakuwa za taifa

Baada ya Uhuru shule ziliacha kugawanywa kwa rangi, maana kabla ya hapo Mzungu, Mhindi na Mwafrika kila mmoja alikuwa na shule yake. Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Kisha sheria ya elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule nyingi za madhehebu chini ya serikali. Shule kama Umbwe, Weruweru, Ashira na Machame, zilizokuwa za kanisa, zikawa za taifa. Binti wa Vunjo aliweza kukuta Ashira, hatua chache kutoka kwao, imejaa wenzake wa kutoka Mtwara na Mara, naye akapangiwa Tabora. Kwa muda mfupi kazi ya kuchagua shule ikatoka kwa mzazi ikaenda kwa serikali, na wapo wazee wetu wanaosema kwamba urafiki walioupata katika shule hizo ndio uliowafanya Watanzania.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto aende shule ya msingi, na mpango wa UPE ukatekelezwa nchi nzima kufikia mwaka 1977. Hilo lilikuwa jambo kubwa na la haki. Lakini sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kimkoa ili mikoa iliyoachwa nyuma nayo isonge mbele. Mkoa wetu ulikuwa na watoto wengi waliomaliza darasa la saba, hivyo waliobaki mlangoni walikuwa wengi pia. Mtoto aliyefaulu vizuri aliweza kukosa nafasi.

Wazee hawakwenda kuandamana. Walichukua majembe.

Shule za michango

Kuanzia miaka ya 1970 na hasa ya 1980, Kilimanjaro ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa sekondari za binafsi, zilizojengwa na makanisa, na Jumuiya ya Wazazi, na watu wa kata wenyewe. Mawe yalibebwa na kina mama, mbao zilitoka vihambani, na waliokuwa mjini walitumiwa karatasi ya mchango. Vyama vya maendeleo kama hiki chetu vilizaliwa humo. Kwa mara ya kwanza, mtu aliyekuwa mbali hakuwa akichagua shule tu, alikuwa akiijenga.

Sifa hiyo ilivuka mkoa. Wazazi wa Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma wakaanza kuleta watoto wao mlimani kwa sababu ya hewa, ya nidhamu na ya jina. Shule zikajaa kuliko vitanda. Hapo tunalazimika kukumbuka mwaka 1994, moto ulipowaka usiku katika bweni la wasichana la Shauritanga, kwa jirani zetu wa Rombo, na zaidi ya wasichana 40 wakapoteza maisha. Wapo waliokuwa watoto wa wazazi wa mbali sana. Hatulitaji jambo hili kumlaumu mtu. Tunalitaja kwa sababu tangu siku hiyo, mtu wa mlimani anayeingia bweni lolote bila kutazama madirisha na milango amesahau kitu ambacho hakitakiwi kusahauliwa.

Kuvuka mpaka na kurudi

Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, mabasi ya wanafunzi yalianza kupita Holili na Namanga kila mwisho wa likizo. Wazazi wenye uwezo walikuwa wakipeleka watoto Kenya na Uganda wakitafuta Kiingereza. Wengine walikuwa wakipeleka watoto wa darasa la kwanza, masanduku yao yakiwa makubwa kuliko wao.

Wakati huohuo kahawa ilikuwa imeanguka. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ulisambaratika mwaka 1989, na mkulima aliyekuwa akilipa ada kwa magunia akajikuta magunia hayatoshi. Ada ikaanza kutoka Dar es Salaam, Muscat, London na Minnesota. Kazi iliyokuwa ya mbuni ikahamia kwa mtoto aliyeko ng'ambo.

Serikali nayo haikulala. Sera ya mwaka 1995 ilifungua mlango kwa shule binafsi, na shule za msingi za Kiingereza zikaota hadi vijijini, hata haja ya kuvuka mpaka ikapungua. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001. Mpango wa sekondari ulioanza mwaka 2004 ukaleta shule za kata. Kuanzia Januari 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Na sera mpya, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa hiyo aliye mbali na bado anahesabu "akimaliza darasa la saba" inabidi aanze kuhesabu upya.

Wenzetu wa ng'ambo leo

Leo mwana-Vunjo aliye ng'ambo ana njia tatu, na kila moja ina historia yake hapo juu.

Njia ya kwanza ni kumsomesha mtoto huko huko aliko. Wengi hudhani huko hakuna kuchagua, kwamba shule za serikali zote ni sawa. Si kweli, na anayechelewa kujua hulipa gharama. Uingereza, kwa upande wa England, maombi ya sekondari hufungwa tarehe 31 Oktoba ya mwaka kabla ya mtoto kuanza, na ya msingi tarehe 15 Januari. Mtoto akikosa, hupewa shule iliyobakiwa na nafasi. Ujerumani, katika majimbo mengi, mtoto hutenganishwa na wenzake baada ya darasa la nne, huyu Gymnasium na yule shule ya aina nyingine. Mzazi mgeni anayekubali tu anachoambiwa anaweza kugundua miaka baadaye kwamba njia ya chuo kikuu imekuwa ndefu. Marekani, shule ya serikali hufuata anwani ya nyumba, kwa hiyo siku ya kupanga nyumba ndiyo siku ya kuchagua shule. Na kwa wale wenye wasiwasi wa karatasi, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba mtoto hanyimwi shule ya serikali kwa sababu ya hali ya uhamiaji. Haya ndiyo mambo ambayo aliyetangulia amweleze aliyefika jana. Zamani karani wa Tanga alimweleza mgeni wake nyumba za kupanga ziko wapi. Hilo nalo ni la namna hiyohiyo.

Njia ya pili ni kumrudisha mtoto nyumbani, bweni. Hapa tuseme wazi. Kuna anayemrudisha mtoto kwa mpango, akiwa mdogo wa kutosha kushika Kiswahili na mkubwa wa kutosha kukaa bweni. Na kuna anayemrudisha kijana wa miaka 15 kwa hasira, kwa sababu amemshinda huko, akitumaini mlima utamnyoosha. Samaki hukunjwa angali mbichi. Kijana wa namna hiyo hufika katikati ya mtaala asioujua, katika somo la Kiswahili lenye insha na ushairi ambalo hajaligusa maishani, na miongoni mwa wenzake wanaomcheka lafudhi. Wapo waliosimama na kufaulu, tena vizuri. Lakini karibu wote walikuwa na shangazi au mjomba aliyewafikia kila mwezi.

Wenye watoto wadogo wajue pia kwamba tangu Machi 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Zile siku za kumleta mtoto wa miaka sita uwanja wa ndege wa KIA na kumkabidhi kwa matroni zimepita, na sisi tunaona ni vema zimepita.

Njia ya tatu ni ya kihambani: mtoto hakuondoka kabisa, yuko kwa bibi, anasoma shule ya kijiji, na mzazi anatuma fedha. Ndiyo njia ya wazee wetu. Tofauti ni kwamba bibi wa leo amezeeka zaidi, mara nyingi yuko peke yake, na mtoto ana simu ambayo bibi hawezi kuifungua.

Historia inatuachia nini

Tukikusanya miaka hii yote, kuna mambo machache ambayo kila kizazi kilijifunza kwa njia yake, na ambayo Kamati inayatoa kama ushauri.

Kwanza, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Shule yenye mabango kutoka Himo hadi Moshi mjini inaweza kuwa nzuri, lakini bango si ushahidi. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule bado yanapatikana kwenye tovuti yake, na aliyeko ng'ambo anaweza kuyasoma bure. Asisome daraja la kwanza tu. Achukue matokeo ya kidato cha pili ya mwaka fulani, ahesabu watahiniwa, kisha achukue ya kidato cha nne ya shule hiyohiyo miaka miwili baadaye. Tuseme walikuwa 90, wamebaki 60. Aulize wale 30 wamekwenda wapi. Baadhi yao huwa wamehama kwa sababu za kawaida. Lakini zipo shule zinazochuja watoto wa wastani ili jina libaki juu, na mtoto anayechujwa huwa ni wa mzazi asiyeweza kufika ofisini siku hiyo. Mzazi huyo ni wewe uliye mbali.

Pili, tuchague watu kama wazee walivyochagua. Mwalimu mkuu amekaa pale miaka mingapi? Walimu wanahama kila muhula? Matroni mmoja anaangalia watoto wangapi usiku? Maji yakikatika, watoto wanateka wapi? Milango ya bweni inafunguka kuelekea nje, na ufunguo uko kwa nani? Nondo za madirisha zinafunguka? Maswali haya hayajibiwi kwenye simu. Lazima mtu afike, tena siku ambayo hakutarajiwa.

Tatu, karatasi ziandaliwe mapema. Mtoto mwenye pasi ya nchi nyingine aulizwe Uhamiaji kibali cha kusoma kabla ya tiketi kukatwa. Mwenye cheti cha sekondari cha nje atahitaji ulinganifu kutoka Baraza la Mitihani. Na anayefikiri siku moja mtoto atarejea ng'ambo kwa chuo, aangalie tangu mwanzo kama anahitaji mtaala wa Tanzania au wa kimataifa. Hapa Moshi kumekuwa na shule ya kimataifa tangu mwaka 1969, lakini ada yake ni ya kimataifa pia, na si kila mtoto wa ng'ambo anaihitaji.

Nne, na kwetu hili ndilo kubwa: shule nzuri kwa mtoto wa mzazi aliye mbali ni ile ambayo kuna mtu wetu anayeweza kuifikia kabla jua halijazama. Bibi alikuwa mtu huyo. Alipokosekana, watoto walipotea hata katika shule zenye sifa. Alipokuwapo, watoto walitoka hata katika shule ya kuta za udongo.

Uamuzi wa Desemba hii

Sasa tunafika kwenye kura. Wanachama wamegawanyika, na wote wana hoja.

Upande mmoja unasema mfuko wetu ulipie ada watoto wenye vipaji waende katika shule kubwa za bweni popote nchini. Ni njia ya haraka, na matunda yake yanaonekana: mtoto mmoja daktari huinua ukoo mzima. Wazee wetu walifanya hivyo walipomchangia kijana kwenda Tabora au Makerere.

Upande wa pili unasema tukiwatoa kila mwaka watoto watano bora, tunaiachia sekondari yetu ya kata watoto ambao hakuna aliyewachagua, na walimu wanaojua kwamba hata viongozi wa chama hawana mtoto pale. Wanataka fedha ziende kwenye chakula cha mchana, maabara, na hosteli ya wasichana wanaotoka vitongoji vya chini, ambao sasa hutembea gizani asubuhi na jioni.

Kamati imezijadili hoja hizi kwa muda mrefu, na inapendekeza sehemu kubwa ya mfuko iende sekondari ya kata, kwa sababu moja ya kihistoria. Mlima huu haukuinuliwa na wale wachache waliofika Makerere peke yao. Uliinuliwa na mtaa uliokataa kukaa bila shule, na wale wachache walitoka katika shule hizo. Tukiiacha sekondari ya kata ibaki kuwa shule ya waliokosa pa kwenda, mwanachama wa ng'ambo atakuwa hana nyumbani pa kumrudisha mtoto wake, hata akitaka.

Sehemu iliyobaki iendelee kuwalipia wenye vipaji kama kawaida.

Tena tunapendekeza jambo jipya ambalo halina gharama kubwa: kila kata itoe watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, walimu wastaafu ikiwezekana, wawe walezi wa watoto wote wa wanachama walio mbali wanaosoma mkoani kwetu. Watawatembelea shuleni mara mbili kila muhula, bila taarifa, watakula chakula cha watoto, watalala macho kutazama milango ya bweni, na watamwandikia mzazi walichokiona. Mfuko ulipie nauli zao tu. Hii ni kazi ya bibi, iliyogawanywa kwa wote.

Michoro ya hosteli, makadirio na hesabu za mwaka uliopita viko katika kurasa zinazofuata, vimekaguliwa na vimesainiwa, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Aliye nyumbani alete mchango wake kwa mweka hazina wa kata. Aliye mbali atumie njia zilizoonyeshwa ukurasa wa mwisho, na aandike jina la kitongoji chake ili tujue nani ametimiza na nani tumkumbushe kwa upendo.

Na mtakapopanda mlima Krismasi hii, kabla ya kwenda kuonja mbege, piteni kwanza shuleni. Milango itakuwa wazi kila siku kuanzia saa tatu asubuhi. Tazameni madawati, hesabuni madirisha, ulizeni maji yanatoka wapi. Kisha njooni mkutanoni mpige kura.